Jani la Sombe kwenye Rafu ya Viatu

Mume wangu Taki ni seremala, karakana yake iko mtaa wa Downsview, huku ughaibuni kwenye baridi, na ukimpa mbao nzuri husahau hata kula. Kwa hiyo jumuiya yetu iliponunua kanisa kuukuu lililokwisha kufungwa, ili liwe imambara, ukumbi wetu Mashia wa kuomboleza Muharram, nani mwingine angepewa kazi ya kung'oa mabenchi?

Ramani ya kanisa lile ilichorwa na Mmarekani mmoja, zaidi ya miaka mia iliyopita. Mtu yule hakuchagua kazi, jamani! Alichora benki, mazizi ya farasi, majumba ya sinema, makaburi, mpaka taa za mezani. Humu ndani kila benchi alilichongea jani lake ubavuni, na hakuna mawili yanayofanana. Taki alikuwa akiyapapasa utadhani anabembeleza mtoto.

Mama Aurore, mjane Mkongomani aliyekuwa akisali pale, alimwomba benchi moja tu. "Lile la dirishani, Papa Taki. Marehemu wangu alikaa pale miaka yote. Alisema lile jani ni sombe, eti Mmarekani naye alikula majani ya muhogo!" Wakacheka. Taki akamwambia, "Ni lako, mama. Njoo ulichukue wakati wowote."

Muharram ikakaribia, na mbao za rafu za viatu upande wa wanawake hazikutosha. Mama Aurore kimya. Taki akajisemea huyu bibi ameshasahau, akalikata benchi. Lile jani akalifunga kwenye rafu kwa skrubu, kwa vile lilikuwa zuri. Nikamwuliza, "Wewe, si uliahidi?" Akanijibu nisimchanganye.

Baada ya Muharram, Jumamosi moja, Mama Aurore akaja na gari la kukodi la mizigo. Kumbe alikuwa amelazwa hospitali! Akavua viatu mlangoni, akainama kuviweka, akaliona jani.

Alilishika kidogo, kisha akavikumbatia viatu vyake kifuani. Taki akakimbilia bisibisi. "Nisamehe, mama. Nalifungua sasa hivi, uende nalo."

"Acha tu, Papa. Mimi nilitaka pa kukaa."

Gari likarudi tupu.

Sasa ni Januari. Taki akienda imambara haweki viatu kwenye rafu yoyote, anaviacha nje kwenye theluji. Nimemfokea mpaka nimechoka, wee mwanamume, utapata nimonia! Anavivaa hivyo hivyo, vimeganda.