Kanuni ya Majina Mawili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanaonifahamu watakwambia. Zinapanda na zinashuka kabla chai haijapoa. Lakini hii ninayoieleza hapa haijashuka mpaka leo, na ilianza na mstari mmoja wa programu ya kompyuta ambao sikuweza kuusoma, nikaona aibu kusema siwezi.

Miaka ile viwanda vya Morogoro vilikuwa vikiuzwa au vikifungwa, na kila nyumba ya mtaa wetu wa Mafiga ilikuwa na mtu aliyepunguzwa kazi. Mimi nilikuwa mpiga chapa kiwandani. Kilipofungwa nilikaa nyumbani miezi michache nikiuza maandazi, kisha nikapata kazi kwenye mradi uliokuja kuorodhesha mashamba ya milimani, huko Uluguru, ili kila shamba liwe na mwenyewe kwenye karatasi. Walinichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Ofisi ilikuwa na kompyuta tatu, tumezifunika vitambaa vya kufuma kama redio za sebuleni. Nilianza kwa kuingiza fomu. Baadaye, kwa vitabu vya kuazima na ukaidi wangu mwenyewe, nikajifunza kuandika programu iliyozikagua fomu hizo.

Kazi ya programu ilikuwa moja. Kabla fomu haijaingia orodhani, iliulizwa maswali: namba ya shamba imekaa inavyotakiwa? Tarehe ni tarehe kweli, au karani ameandika mwezi wa kumi na tatu? Jina ni jina? Fomu iliyojibu vizuri iliingia. Iliyoshindwa ilichapwa kwenye karatasi za pembeni, nasi karatasi hizo tuliziita makapi.

Vitabu vilinifundisha kuandika maswali hayo kwa alama: mabano, nyota, nukta, mikwaju, vyote vimebanana kwenye mstari mmoja. Nilijaribu. Wiki moja baadaye nilirudi kwenye mstari wangu mwenyewe nikawa sijui nilikuwa nataka nini. Nikajiambia, kama mimi niliyeandika sielewi, atakayekuja baada yangu ataelewaje? Basi nikavunja kila kanuni vipande vidogo, na kila kipande nikakipa jina la Kiswahili: herufi mbili za kijiji, kistari, tarakimu tatu za shamba. Chini yake nikaandika kwamba namba ya shamba ni kijiji, kisha kistari, kisha tarakimu. Programu nzima ikawa kurasa mbili, na mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba aliweza kuzisoma.

Wala sisemi hivyo kwa kujisifu tu. Masjala yetu ilikuwa na mama mmoja ambaye hakuwahi kugusa kibodi na hakutaka kugusa. Kila nilipobadilisha kanuni nilikwenda kumsomea kwa sauti huku akipanga mafaili. Siku moja alinikatiza. "Sasa kile kijiji kikubwa chenye mashamba zaidi ya elfu moja, utakibana wapi kwenye tarakimu tatu?" Sikuwa nimewaza hilo. Nikarudi mezani nikaongeza tarakimu ya nne. Yule mama alinikamata makosa mengi kuliko kitabu chochote.

Kanuni iliyonitoa jasho ilikuwa ya jina. Wakubwa wa mradi walitaka kila mwenye shamba awe na majina mawili, lake na la baba yake. Kwa watu wa mjini haina tabu. Kwetu Waluguru wa milimani ina tabu kubwa, kwa sababu ardhi yetu si ya mtu, ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Anayeisimamia ni mjomba mkubwa, naye siku anayopewa usimamizi anaacha jina lake la utotoni na kuvaa jina la yule aliyemtangulia. Jina moja tu, halina la baba nyuma yake. Mjomba wangu alikuwa amelivaa jina hilo kabla mimi sijazaliwa. Kabla yake lilivaliwa na mjomba wa mama yangu, na kabla yake na wengine ambao makaburi yao hatuyajui tena. Mtu anakufa, jina linabaki, na kwa kuwa shamba ni la jina, hakuna wa kuligawa wala wa kuliuza. Ndiyo maana mteremko wetu, wenye chemchemi juu na kabichi chini, ulikuwa bado mzima wakati majirani wa chini wamekatiana wa kwao vipande.

Kwa hiyo chini ya kanuni ya majina mawili niliongeza mstari mmoja: *au jina moja, endapo ni jina la urithi la ukoo*. Nilipomsomea mama wa masjala alitikisa kichwa kukubali, maana naye alikuwa mtu wa milimani. Na mjomba aliponiuliza kama orodha ya serikali itatutambua, nilimwambia asiwe na wasiwasi, mlango nimeuandika kwa mkono wangu.

Mwaka wa pili mradi uliajiri mtu mwingine wa kompyuta. Alitoka mkoa wa mbali, mwanamume wa umri wangu kasoro kidogo, mwenye mke na adabu nyingi. Aliniita dada tangu siku ya kwanza, nami nikamchukua hivyo. Nilimfundisha kila nilichokijua. Nilimtafutia chumba. Jumamosi moja tukapanda naye kutoka Bigwa, chini ya mlima, mpaka nyumbani kwetu, akihema njia nzima, mama yangu akampikia, mjomba akamketisha barazani na kumweleza habari ya jina kutoka mwanzo. Aliandika kwenye daftari. Alimwambia mjomba, "Nimeelewa, mzee. Hili si jambo la kulipoteza." Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu mjomba aliyapenda, akamfungia ndizi za kumpelekea mkewe.

Kisha wakampeleka Dar es Salaam kwenye kozi. Alirudi na programu mpya na maneno mapya, na siku chache baadaye akaniletea karatasi moja.

"Dada, zile kurasa zako mbili nimezipunguza. Kila kanuni sasa ni mstari mmoja."

Niliutazama ule wa jina. Mabano ndani ya mabano, alama za kuuliza, mikwaju imelala kila upande. Hakukuwa na neno hata moja la Kiswahili, wala la lugha nyingine ninayoijua.

"Yote yamo?" nikamwuliza.

"Yaleyale, dada. Nimefupisha tu."

Utaratibu wa ofisi ulitaka badiliko lolote lisainiwe na watu wawili, aliyeandika na aliyekagua. Mkaguzi nilikuwa mimi. Karatasi ile ilikaa mezani kwangu siku mbili. Siku ya kwanza nilijaribu kuisoma nikaishia katikati. Siku ya pili nilifikiria kumwita anisomee, kipande kwa kipande, kama nilivyozoea kumsomea mama wa masjala, na nikaona aibu. Mimi ndiye niliyemfundisha. Ningemwambiaje sasa kwamba simwelewi? Tena alikuwa ameniita dada, amekula kwetu. Nikasaini.

Orodha ilibandikwa kwenye ofisi za kata mwezi uliofuata, na tangazo likasema shamba lisiloonekana humo litahesabiwa kuwa wazi, na yeyote anaweza kuliomba. Siku hizo watu wenye fedha kutoka mjini walikuwa wameanza kupanda milimani kutafuta mahali penye maji. Ilikuwa ni ruksa ya kila kitu, hata ya mteremko wa watu.

Mjomba alinikuta ofisini asubuhi, viatu vina udongo mwekundu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Hakuketi. "Nimeisoma ile orodha mara tatu, kwa kidole. Hatumo."

Nilimwambia lazima ni kosa dogo. Nilifungua makapi na kumkuta pale, na si yeye peke yake: wasimamizi wote wa koo za milimani walikuwa pale, jina moja moja, wamepangwa kwa herufi. Nikauchukua ule mstari, nikageuza fomu tupu na kuanza kuuandika upya mgongoni mwake kwa Kiswahili, alama moja baada ya nyingine. Bano hili linafungua jina la kwanza. Nyota hii inasema herufi zozote. Hapa nafasi. Hapa jina la baba, na ni lazima. Ilinichukua mpaka adhuhuri. Nilipofika mwisho wa mstari nilitafuta ile *au* yangu, nikarudi mwanzo nikatafuta tena, haikuwamo.

Nilimfuata mwenzangu nje, alikuwa anakunywa soda kivulini kwenye ukuta.

"Uliitoa kanuni ya jina la ukoo."

Hakukana. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kwamba hakujisumbua hata kukana. "Meneja alisema wafadhili hawataki vipengele vya pekee pekee. Akasema nikikuambia utapiga kelele."

"Na kweli ningepiga."

"Dada, wanapunguza watu. Kwenye kompyuta watabakiza mmoja. Mke wangu ana mimba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekuambia."

Akaangalia chupa yake. "Ningefuta mstari mmoja kwenye zile kurasa zako, mama wa masjala angeona kabla ya saa nne. Ndiyo maana niliandika vile." Kisha akasema, kwa upole uleule wa kila siku, "Lakini karatasi ilikaa kwako siku mbili, dada. Ulisaini."

Wazee wanasema fadhila ya punda ni mateke, na siku zote niliwaona wanamwonea punda. Punda hakai barazani kwa mjomba wako akaandika kwenye daftari. Huyu alijua kila kitu: jina ni nini, shamba ni la nani, chemchemi iko wapi. Alijua pia jambo ambalo nilidhani ni siri yangu, kwamba nilikuwa siujui mstari wake na nisingethubutu kusema. Alijenga usaliti wake juu ya aibu yangu, akapima vizuri. Nilimchukia, na sitasema uongo, namchukia bado.

Kwa meneja sikukaa dakika tano. Alisema kanuni ni moja kwa wote, milimani na mabondeni, na kwamba sasa ni zama za mtu kumiliki chake. Programu nayo ilikuwa imefungwa kwa neno la siri ambalo sikupewa. Aliyeachwa nje ya orodha alikuwa na wiki mbili za kujaza fomu upya, kwa majina mawili.

Nilipanda nyumbani kumwambia mjomba. Nilimweleza yote, na ile karatasi yangu nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mama yangu ameketi pembeni yake.

"Na wewe mkaguzi," akasema, "uliuona?"

"Niliuona, mjomba. Sikuuelewa. Nikasaini."

"Ulisaini usichokielewa."

"Ndiyo, mjomba."

Nilingoja anigombeze. Ningeshukuru. Alichofanya ni kuanza kuhesabu watoto wa dada zake kwa vidole, nani ataweza kupalilia upande upi. Niliposhtuka nikamwambia, mjomba, usikate shamba, alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nimeingia. "Jina halipiti. Nikiliandika lote kwa jina langu na la baba, nikifa litakwenda kwa wanangu, si kwa ukoo. Wataingia watu wageni mpaka kwenye maji. Nilikate mimi, au walikate wao?"

Walishuka siku tatu kabla ya muda kwisha, mjomba, mama na ndugu zangu wanne, wamevaa nguo za kanisani. Mwenzangu alikuwa meza ya pili akajifanya ana kazi nyingi. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kibodi. Mjomba alikuja wa kwanza akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Niandike nani, mjomba?"

Akaiweka kofia mezani. Kisha akataja jina lake la utotoni, lile aliloliacha, ambalo kwetu hata kulinong'ona ni kumvunjia heshima. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na sikuwahi kulisikia. Akataja na la baba yake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la mgeni. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, aligeukia dirishani.

Nililiandika. Vidole vyangu vile vyepesi vilikosea mara mbili nikafuta, nikaandika tena, nikabonyeza. Kompyuta ikalikubali palepale bila swali, ikaniomba mwenye shamba anayefuata, na mama akasogea mezani.