Pengo Katika Picha ya Bendi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu wa jirani. Mkitaka kusema nilikuwa nimelewa, semeni, lakini siku hiyo nilikunywa soda moja tu, na jua lilikuwa la saa nane mchana. Jina la bendi yetu silitaji. Nikilitaja mtakimbia kuutafuta ule ukurasa, nami sitaki mtu mwingine aufungue.

Mimi ni mpiga besi. Nimepiga besi Migori mjini miaka tisa, harusini, matangani, vilabuni, na miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mtu akiliita jina langu kutoka chini ya jukwaa. Besi ni kama chumvi kwenye mboga. Ikiwepo, nani anaisifu?

Kisha akaja Okoth. Alitoka Sori na gita lake kwenye gunia la unga, kijana mpole, mtu wa kucheka. Lakini solo yake, jamani! Mwezi haukuisha, pakruok zote zikawa zake. Kwa wasiojua, pakruok ni pale shabiki anaposimamisha wimbo, anatoa kitu kidogo, anajitapa kwa majina yake ya sifa, na mwanamuziki aliyemchagua anayarudia kwa sauti mpaka ukumbi unalipuka. Wote walimchagua Okoth. Hata mke wangu Atieno alikuwa anaosha vyombo huku akiimba solo yake kwa mdomo, ti-ri-ri, ti-ri-ri, nami nimekaa pale pale na besi mapajani. Nilimwonea wivu. Sitafuti neno zuri zaidi. Ulikuwa wivu, ule wa kumkosesha mtu usingizi.

Mzee Ondiek, kiongozi wetu, akaamua kwamba siku hizi bendi isiyo na ukurasa mtandaoni hakuna anayeiita kazini. Simu yenye kamera nzuri ilikuwa yangu, basi kazi nikapewa mimi.

"Wewe ndio msomi wetu," akaniambia. "Weka ile picha ya Muhuru Bay. Watu wote waonekane."

Katika picha ile tumesimama mbele ya ukuta wa bluu, Okoth katikati, nami nimemwekea mkono begani. Nilijaribu kumkata, lakini mtu aliye katikati utamkataje? Nikachukua ile programu ya kufuta watu. Unapitisha kidole juu ya mtu, anatoweka, na ukuta unajijaza wenyewe. Nilipitisha kidole mara tatu. Likabaki pengo kati yangu na mwimbaji, na mkono wangu ukabaki umening'inia hewani, haushiki kitu. Nikaipakia hivyo hivyo.

Okoth alipoiona alinijia. "Omera, ndugu yangu, mbona mimi siko?"

"Simu ilisumbua. Nitarekebisha."

"Sawa tu, ndugu yangu. Bora bendi inaonekana."

Afadhali angenitukana. Upole wake ulinichoma kuliko sifa zake, na picha sikuirekebisha.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kazi Mbita. Wenzangu walikuwa ukumbini wakifunga spika. Mimi nilikaa juu ya jiwe karibu na kivuko, nikisoma maoni ya mashabiki. Waliouliza "Okoth yuko wapi?" nilikuwa nawafuta mmoja mmoja. Mbele yangu wanawake walikuwa wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu. Hawa wanawake wa omena mnawajua nyinyi? Kuku akikanyaga tu, anatukanwa yeye na mwenye kuku. Sasa nikaona mtu wa makamo, amevaa koti la kahawia, anakuja moja kwa moja juu ya omena, viatu na yote. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nikajiambia labda ni mume wa mmoja wao.

Akanipa mkono. "Mimi pia ni mtu wa gita," akasema, "tangu kitambo."

Niaminini, hapo ndipo ningepaswa kusimama niende zangu. Mpiga gita ana sugu kwenye ncha za vidole, huwezi kuzificha. Ncha zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga.

Akachungulia simu yangu. "Hapa katikati kulikuwa na nani?"

"Hakukuwa na mtu."

"Basi ni pazuri pa kusimama."

"Simama tu, mzee," nikamjibu nikicheka. Nilidhani ni wale mashabiki wa kutaka picha na bendi.

"Na nataka pakruok," akasema.

"Ngoja nikuitie Okoth, yuko ndani."

"Nani ametaja Okoth? Hao wanaomshangilia hawana masikio. Mimi nasikianga besi. Nataka wewe ndio uniite."

Miaka tisa! Moyo wangu ulifura kwa furaha, nasema kweli. Sasa kuna kitu kimoja ambacho kila mwanamuziki wa huku anakijua. Kabla ya kumtangaza mtu unamuuliza, "Wuod ng'a?" Yaani, mtoto wa nani? Sifa lazima iwe na baba na nyumbani, la sivyo hujui umeita nini. Nilijua hivyo. Lakini niliogopa nikichelewa atabadilisha nia na kumfuata Okoth, kwa hiyo sikuuliza.

"Sema hivi," akanielekeza. "Mgeni asiyebisha hodi. Mwenye kukaa palipoachwa wazi."

Nikapaza sauti yangu ya jukwaani, mara tatu. Wanawake wa omena wakageuka wote. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu anaongea na nani?"

Yule mtu akatabasamu, akanipa mkono wa kuaga. Ncha za vidole vyake sasa zilikuwa ngumu, zenye sugu za miaka. Akaondoka kwa njia ile ile, juu ya omena, na hakuna hata samaki mmoja aliyepondeka. Nilitazama kwa makini.

Kisha nikatazama simu. Pengo halikuwepo. Mtu wa koti la kahawia alikuwa amesimama katikati yetu, na mkono wangu haukuning'inia tena. Ulikuwa begani mwake.

Saa kumi tukaanza kupiga. Wimbo wa kwanza haujaisha, Okoth akanisogelea uso umemvimba kwa machozi. "Vidole vinaniuma, omera. Ni kama sijawahi shika nyuzi." Akaliweka gita chini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Na hapa ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hakuna shabiki aliyeuliza anaenda wapi.

Niliifuta ile picha nikiwa bado jukwaani. Nikatafuta ile ya kwanza kabisa, ambayo sikuigusa, niirudishe ukurasani. Humo pia alikuwa yule yule wa koti. Nikamkimbilia Mzee Ondiek.

"Okoth gani?" akaniuliza. "Solo si tumekuwa tukitafuta mtu tangu mwaka jana?"

Nililibeba lile gita kwenye gunia lake mpaka Sori. Nilimkuta Okoth anashona nyavu nje ya nyumba ya mama yake, mzima wa afya. Akanipa mkono, na ncha za vidole vyake zilikuwa laini.

"Karibu, mzee. Unatafuta nani?"

Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha.

"Ya nini sasa, na hatujuani?" Akacheka kile kicheko chake. Nikamwonyesha gita. Alilitazama kwa adabu, akaniambia ni zuri, nisilirudishe kwa gunia, nyuzi zitapata kutu.

Tangu siku hiyo, kila picha ninayopakia, yule mtu yumo, na mkono wangu uko begani mwake hata kama nilisimama mwisho wa mstari. Nimejaribu kuufunga ukurasa. Asubuhi naukuta wazi, na mashabiki wameongezeka. Sasa wanataja jina langu, wanataka besi. Mzee Ondiek anasema nimetuinua.

Wewe unayesikiliza, akija mtu akakuambia ni wewe tu unayestahili, wale wengine si kitu, muulize kwanza ni mtoto wa nani. Na aliye katika picha mwache katika picha.

Juzi Atieno alikuwa anaosha vyombo, akaanza, ti-ri-ri, ti-ri-ri. Nikamuuliza huo wimbo ameutoa wapi.

"Eh, Baba Vero," akasema, ananitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona siku nyingi. "Si ni wewe ulikuwa unaupiga?"