Kata ya Korongoni

Mchanga wa korongo kavu, ukiuchimba hadi mkono uzame begani, una harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji kwa mara ya kwanza. Harufu hiyo ndiyo likizo yangu ya Juni. Watoto wengine wa mtaa wetu wa Makole walipelekwa Dar es Salaam kuona bahari. Sisi, mwaka baada ya mwaka, tulipanda basi la asubuhi hadi kijijini kwa Shangazi Mbeleje, dada yake baba, na kesho yake tukaenda kwa miguu hadi kwenye majabali mekundu. Tulikuwa familia mbili: sisi Wagogo, na majirani zetu Wahehe kutoka Iringa, ambao baba yao alikuwa karani katika ofisi moja na baba yangu. Binti yao Neema alikuwa rika langu. Mdogo wake, Tito, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni akichoka. Kwa kuwa Mgogo na Mhehe ni watani, safari nzima wazee walitukanana kwa furaha, na sisi watoto tukapokea hayo kama sehemu ya mwendo.

Njia yetu ilikuwa korongo lenyewe. Wakati wa mvua lilinguruma na kung'oa miti. Juni ulibaki mchanga mtupu, wa baridi alfajiri na wa moto kufikia saa nne. Kingo zake zilikuwa nyekundu, zimejaa migunga yenye miiba mirefu kama sindano za magunia. Baada ya kona nyingi majabali yalijitokeza, yamepandana kama matofali ya kuchoma ambayo fundi ameyapanga akaondoka bila kujenga. Tulipanda kwa mikono na magoti. Juu, chini ya jabali lililoinama, palikuwa na twiga waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu ambao kijijini hakuna aliyewajua. Hapo tulikula ugali wa mtama uliopoa na karanga, kisha sisi watoto tukateleza kwenye ubavu laini wa jabali hadi sketi zikatoboka.

Maji ya kurudia hatukuyabeba. Katikati ya safari, penye kona yenye mkuyu, tulichimba kisima mchangani wakati wa kwenda. Maji ya kwanza huwa tope, kwa hiyo tuliyakomba, tukayaacha mengine yatulie mchana kutwa, tukazungushia matawi ya mgunga safu mbili, maana mbuzi hunusa maji kutoka mbali. Kazi hiyo ilikuwa ya anayeongoza. Yeye ndiye aliyebeba kata, yaani kibuyu kilichokatwa kikawa na mpini, na wakati wa kurudi ndiye aliyewachotea wote, kisha akanywa wa mwisho. Tangu sijazaliwa, kata ilikuwa mkononi mwa Shangazi Mbeleje.

Nilipokuwa darasa la tano niliiomba. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa mtoto mwerevu, wa kwanza darasani, na njia niliijua kona kwa kona. Shangazi alinitazama. "Kata hii nzito."

"Ni kibuyu tu, shangazi."

"Haya. Beba."

Baba alinisifu mbele ya watani wake hadi nikaona miguu haigusi mchanga. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilichimba haraka, nikakomba tope vizuri, lakini Neema alikuwa tayari ameanza kukimbia mbele, na sikutaka mtu mwingine ayafikie majabali kabla yangu mimi kiongozi. Nikatupia tawi moja juu ya shimo. Shangazi aliliona lile tawi, sasa najua aliliona, lakini kata ilikuwa kwangu, na akapita.

Tuliporudi jua lilikuwa kali na vibuyu vimekauka. Nilitangulia mbio nikiwa nimeinua kata. Tawi lilikuwa pembeni. Kingo za shimo zilikuwa zimebomoka kwa kwato, na ndani mlikuwa na uji wa kahawia wenye mavi ya mbuzi yanayoelea.

Baba yake Neema alichungulia. "Wagogo bwana! Wametupikia supu ya mbuzi, ila nyama wamesahau."

"Angekuwa mbwa usingelalamika," baba akamjibu, maana Wahehe hutaniwa kuwa wala mbwa, lakini hakucheka, na mtani wake naye akaacha kucheka, kwa sababu Tito mgongoni kwa mama yake alikuwa ameacha hata kulia. Midomo ilikuwa imempasuka, kichwa kimelegea begani. Kijiji kilikuwa bado mbali.

Shangazi hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akachukua kata, akampa Neema. "Wewe chimba," akaniambia. "Huyu atachota."

Nilichimba shimo jipya upande wa juu, kwa mikono, peke yangu, hadi kucha zikatoa damu. Sijawahi kuomba kitu kama nilivyoiomba ile harufu itoke. Ilipotoka, mchanga ukawa mweusi, kisha ukang'aa. Neema alikomba tope mara tatu, akachota, akamshikia Tito kata mdomoni taratibu, kidogo kidogo kama alivyoagizwa. Tito alikunywa, akaanza kulia tena, na mama yake akasema, "Asante Mungu, analia." Wengine wakanywa. Mimi nikawa wa mwisho kasoro mmoja: Neema alikunywa baada yangu. Kisha, bila kuambiwa, akaenda kuvunja matawi ya mgunga.

"Si tunaondoka? Miiba ya nini?" nikamuuliza.

"Na atakayepita kesho anywe nini, dada? Supu yenu?"

Tulikwenda tena kila Juni hadi tulipomaliza sekondari, na kata haikurudi kwangu.

Leo nina stashahada ya uhandisi wa maji niliyojisomesha mwenyewe, bila mjomba ofisini. Nimefanya kazi Botswana miaka kumi na mitano, nikichimba visima jangwani ambako wengine walisema hakuna kitu. Nimerudi na mtambo wangu wa kuchimbia, na nyumba yangu ya Nkuhungu paa lake huonekana tangu barabarani. Wateja wangu hulalamikia jambo moja tu: siwashi pampu kabla uzio haujakamilika, hata kijiji kizima kikiwa kimepanga ndoo. Wanasubiri.

Juni iliyopita tulirudi majabalini, mimi, Neema na watoto wetu. Garini kulikuwa na katoni za maji ya chupa, lakini penye mkuyu tulichimba. Shangazi Mbeleje, ambaye sasa hatoki nje ya ua wake, alikuwa ameniambia kwamba kata si yake tena kuigawa. Nikamwomba Neema. Nikamtajia Botswana, nikamtajia mtambo.

"Zungushia kwanza, mhandisi," akasema.

Nilizungushia safu tatu. Jioni maji yalikuwa meupe, anga lote limo ndani. Neema alizunguka miiba yote akiikagua, kata bado mkononi mwake, akainama akachota. Wakanywa watoto, nikanywa mimi, kisha akanywa yeye.