Maharagwe ya Jumapili ya Pili

Enzi zetu sisi watoto wa kilimani, saa haikuvaliwa mkononi. Ilining'inia kwenye mkaratusi mbele ya shule ya walimu: rimu la gurudumu la lori, linagongwa kwa nondo. Likilia, mji mzima unaamka, unateka maji, unaenda kusali. Hata kuku wa Mama walilijua.

Mji wetu ulikuwa mdogo, juu kwenye milima ya Kivu, na ulizaliwa na shule. Wazee walituambia kwamba zamani palikuwa na chemchemi na njia ya ng'ombe, basi. Wakaja Wamarekani wa misheni, wakajenga shule ya kufundisha walimu. Wakaja wanafunzi. Mwanafunzi anakula, kwa hiyo wakaja wauza muhogo. Mwanafunzi anachanika suruali, kwa hiyo akaja fundi cherehani. Mji ukaota hivyo, kama uyoga pembeni ya kisiki. Baba yangu alichoma matofali. Nusu ya ukuta wa maktaba ile ni mikono yake, na mimi ndani ya maktaba niliingia siku za kupiga deki tu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu, Mama akazaa mapacha, mgongo wangu ukahitajika. Sisemi kwa uchungu. Nasema ilivyokuwa.

Na raha tulikuwa nayo. Viazi vitamu tulivichoma kwenye majivu ya tanuri la Baba, tukavila na parachichi na chumvi, moshi wa mkaratusi umeingia mpaka kwenye meno. Mvua ikinyesha, tulipanda gogo la mgomba tukateleza nalo kutoka nyuma ya shule hadi mtoni. Nikirudi nyumbani, gauni limetoboka nyuma, Mama ananigeuza anatazama. "Gauni nitalishona. Hayo matako nitayashona na nini?" Wajukuu wangu hapa Schaerbeek, Ubelgiji, lifti ikiharibika, wanapanda ghorofa tatu kama wanapeleka maiti.

Lakini kitu ninachokishukuru kuliko vyote ni mlango. Tuliita hivyo. Kila mwanafunzi mgeni alipewa nyumba moja mjini, ndiyo mlango wake, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula pale. Jumapili ya kwanza ni mgeni: anawekwa kwenye kiti cha Baba, anapewa paja la kuku. Jumapili ya pili, kabla hajakaa, anasukumiwa lungo la maharagwe atoe mawe. Hakuna aliyeuliza kama anajua. Mama alisema, "Mgeni anaketi. Mtoto wa nyumbani anachambua."

Mama huyo huyo ndiye aliyekosea. Mwaka mmoja tulipewa Eliya, kijana kutoka misitu ya Maniema, mtoto wa mchungaji, shati jeupe, Kifaransa kinatoka kama maji. Mama akamwogopa. Jumapili ya pili, paja la kuku. Ya tatu, paja la kuku. Tukimkaribia, Mama anatufukuza: "Musisumbue mwalimu." Eliya anakula viwiko vimebana mbavu, anasema asante, anaondoka. Sisi watoto tulimwonea wivu kwa sababu ya yale mapaja.

Jumapili moja hakuja. Alikuwa ameteremka barabarani na godoro kichwani, ameacha shule. Mwenzake ndiye aliyetuletea neno lake: "Pale nilikuwa mgeni kila Jumapili. Mtu hawezi kuwa mgeni miaka mine."

Mama alikaa na lungo mapajani, akatazama maharagwe bila kuyagusa. "Nimemufukuza kwa paja la kuku," alisema. Siku ile tulitafuna mawe.

Mimi nilishuka kituo cha treni cha Gare du Midi, Bruxelles, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sanduku moja na mjukuu mmoja, Furaha, bado mdogo. Mama yake alikuwa anatunza wazee wa watu, kwa hiyo huyu amekulia kwenye mikono yangu. Kila Jumapili nilichambua maharagwe, na yeye alinicheka mimi bibi yake: "Koko, mawe ya Belgique hayaingiake ndani ya maharagwe. Nunua ya kopo." Watoto wa kopo hawa. Wanadhani maharagwe yanazaliwa yameiva.

Lakini kichwa kilikuwa kinashika. Alipofika umri wa chuo, akapata bourse ya kusoma Amerika. Nilifikiri ni majumba marefu. Kumbe ni mji mdogo katikati ya mashamba ya mahindi, chuo kimoja, barabara moja, kengele juu ya mnara. Akanieleza kwamba chuo ndicho kilichozaa mji, na kwamba kila mwanafunzi wa kigeni anapewa nyumba ya kula Jumapili. Nilikaa chini. Nilijua mji ule kabla ya kuuona.

Mwezi wa tatu tangu aende akapiga simu ya video, uso umevimba kwa machozi.

"Koko, narudia Bruxelles. Nimechoka."

"Banakupiga?"

"Hapana."

"Banakunyima chakula?"

"Hapana, Koko. Madame Carol ni muzuri sana. Bon, ananikalisha, anasema usinyanyuke, ananiletea kila kitu. Ananiuliza kama kwetu kuko mvua. Kila Jumapili vile vile."

Huyo Carol ni mjane mzee, ndiye mlango wake. Na mimi nikaona godoro la Eliya linateremka mlima. Furaha angerudi, bourse ingekwenda, na katika ukoo wetu ni yeye wa kwanza kuingia maktaba bila ndoo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Jumapili, ukimaliza kula, simama. Ingia kwenye jiko yake, osha sahani."

"Atakataa."

"Akatae. Usimuombe ruhusa. Mutoto wa nyumba haombake ruhusa ya kuosha sahani."

Carol alikataa kweli, akamvuta mkono arudi kwenye kiti. Furaha akashika kitambaa, akaosha. Jumapili iliyofuata akakuta viazi na kisu mezani vinamngoja. Akanipigia anacheka.

"Koko, leo amenikaripia. Anasema namenya nene, viazi vinaishia kwenye maganda."

"Asante Mungu," nikasema. "Sasa umefika."

Alikaa miaka yote minne. Picha yake na joho jeusi ninayo, watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Bruxelles, wote wameiona, wapende wasipende. Na alipokuja kunitembelea, akaja na rafiki yake Mmarekani. Binti wa watu akakaa kwenye kochi langu, mkoba magotini, viwiko vimebana mbavu. Jumapili ya kwanza nilimpa paja la kuku. Ya pili, sijafungua mdomo, Furaha akachomoa lungo nyuma ya frigo, akamwaga maharagwe, akamwekea mapajani.

Siku hizi watu wanakaribishana vizuri sana, keki, sahani nzuri, na kila mtu anarudi kwake mgeni kama alivyokuja. Sisi tuliaminiana mpaka kwenye kutoleana mawe. Mama yangu hakujua kusoma barua, lakini kosa lake moja limemfikisha mjukuu wangu mbali kuliko mapaja yote ya kuku.

Yule binti alichambua kwa bidii, ulimi nje. Maharagwe yake hayakuwa na jiwe hata moja. Mimi nilitafuna polepole hata hivyo, nikilingoja jiwe.