Salamu Nilizoziruka

Nikuambie siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka moyo unanidunda kama wa msichana. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kijijini kwetu Nambis, na kichwani mwangu mlikuwa na mtu mmoja tu: mwandishi aliyeitwa Paskalina. Riwaya yake nilikuwa nimeisoma mpaka jalada likatoka. Nilijua kurasa nzima kwa moyo, nikizisema huku napalilia mahindi, na mama akidhani nasali.

Basi siku hiyo nikasikia kwamba jirani yetu Bibi Tabea, yule yule aliyetufukuza kila siku tukipitisha mbuzi shambani kwake, alisoma na Paskalina, wakafundisha pamoja kijiji cha Yaeda Chini, na kwamba anazo barua zake bati zima la biskuti! Mwanangu, sikutembea. Nilikimbia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbuzi wenu wako wapi?"

Nilipomweleza nilichofuata akalitoa lile bati. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, alikuwa hasomi tena. Nadhani alikuwa na hamu kuliko mimi, ila wazee wetu hawaonyeshi.

Siku tatu nilisoma kwa sauti, tukicheka mpaka kuku wakatoka ndani. Sijawahi kuonja utamu wa namna ile. Yule mwandishi mkubwa, niliyedhani anakula na mawaziri, kumbe maharage yake yalikuwa yanagoma kuiva! Alilalamika kiatu kinambana. Alimuuliza Tabea, "Huyu mzee wangu wa kwenye hadithi amekwama mtoni wiki mbili, nimvusheje?" Na Tabea alikuwa amemjibu, kwa sababu barua iliyofuata ilisema, "Asante, nimempa punda." Nikapiga kelele. Punda yule nilimjua, yuko sura ya sita! Nilijisikia nimeingia jikoni kwa mwandishi na kukuta chungu bado kiko motoni.

Ndani ya bati, chini kabisa, ilibaki bahasha moja haijafunguliwa.

"Hiyo ilikuja baada ya kitabu kutoka," Bibi alisema. Ndani ya riwaya ile kuna mwanamke wa Yaeda Chini anayeficha kibuyu cha maziwa wageni wanapobisha hodi. Huku kwetu, kumnyima mgeni maziwa ni aibu isiyofutika. Kitabu kilipotoka, mimi nikiwa bado mdogo sijui lolote, watu wakasema mwanamke huyo ni Tabea, maana nani mwingine Paskalina alimjua huko? Kanisani walimtazama. Alipompelekea mgeni uji, mtu akauliza kama maziwa yamefichwa. Akakasirika, bahasha akaitupa humo bila kuifungua, akaacha kuandika, miaka minne sasa.

"Soma," akaniambia. "Kama ameniomba radhi, vema. Kama hakuomba, bati lote linaingia kwenye mafiga leo."

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu tupu, unajua barua zetu zilivyokuwa: msalimie fulani, na mama fulani, na ng'ombe aliyevunjika pembe. Mimi na haraka zangu nikaruka zote, nikatua pale panaposema, "Dhumuni la barua hii." Haraka haraka haina baraka, nilikuwa nimeiandika methali hiyo darasani mara hamsini. Nikasoma: anaandika kitabu kingine, mvua imechelewa, kalamu zimepanda bei. Mwisho. Neno la radhi halikuwepo.

Bibi hakulia. Alinyoosha mkono. "Lete hapa." Akachukua barua za juu, akageukia moto.

Niliogopa, mwanangu. Zile barua zilikuwa karibu kuungua mbele yangu, na mimi najua kuna ukurasa sijausoma. Kukiri kwa mzee kwamba umemdanganya ni kugumu, lakini nilikiri.

"Bibi, ngoja! Niliruka salamu."

Akageuka taratibu. "Wewe ukiingia kwangu, unaomba maji kabla ya shikamoo?"

"Hapana, Bibi."

"Mtu wa kwetu akiwa na neno zito analiweka wapi? Analileta kwenye salamu, akiwa bado mlangoni, ili ukimkataa aondoke. Rudi mlangoni."

Nikasoma moja moja. Baada ya ng'ombe wa pembe niliyakuta maneno haya: "Nawe Tabea, pokea salamu za mwanamke wa kibuyu. Ni mimi. Mwaka ule wa njaa, tulipokuwa tukikaa nyumba moja Yaeda Chini, niliwasikia wageni wakibisha, nikaficha maziwa, wewe ukiwa umekwenda kuchota maji. Sikuweza kukuambia, ndiyo maana niliandika kitabu. Watu wakisema ni wewe, waonyeshe barua hii."

Bibi Tabea akakaa chini kwenye majivu na gauni lake la kanisani. "Miaka minne," akasema. "Nimemwacha mlangoni miaka minne." Akanisomesha mstari ule mpaka sauti ikanikauka, kisha akaniandikisha jibu. Lilikuwa na neno moja baada ya salamu: Njoo.

Paskalina alikuja kwa basi la Katesh. Nilikuwa na maswali arobaini daftarini. Sikuuliza hata moja! Wale wazee wawili walishikana mikono tangu asubuhi, mimi nikichemsha chai tu, na sijawahi kuwa na furaha kama siku ile.

Mwanangu, nakuona unavyosoma ujumbe wa simu, kidole kinakimbilia chini kutafuta anachotaka mtu. Nakuasa: soma kwanza anavyokuuliza hali. Na kama umekasirika na rafiki, hasira hasara, kasirika ukiwa umeshamsoma, si kabla. Barua iliyofungwa haiwezi kujitetea.

Mungu akujalie rafiki wa kukuandikia mpaka uzeeni, na umjibu angali hai.