Kikundi cha Viraka Kilikuwa na Watu Wawili

Shirikisho letu linaunganisha vyama vya mafundi cherehani wa mitaa ya Gatsata, Gikondo na Kinyinya, na lilihamia kwenye baruapepe kwa hasira. Hasira zenyewe zilikuwa zangu. Kwenye WhatsApp tulikuwa na kundi moja la watu wote, na kila nilipotangaza mkutano, tangazo lilizikwa chini ya sala za asubuhi, picha za watoto wa watu, na bwana mmoja wa Kinyinya aliyekuwa akiuza matofali. Mimi ndiye katibu. Sipendi kuzikwa.

Nikaunda kundi kuu la baruapepe, la matangazo tu, na chini yake vikundi vitatu vya majadiliano: Harusi, Sare za Shule, na Viraka. Kila fundi achague kikundi cha kazi yake. Kila kikundi kichague mwenyekiti wa kukisemea kwenye mkutano mkuu, na kisichofikisha watu wawili kinafutwa. Nilijiona mwerevu kweli.

Wakakimbilia Harusi. Hata fundi mmoja wa Gatsata, ambaye tangu nimfahamu kazi yake ni kubadilisha zipu, aliandika kuwa yeye ni bingwa wa nguo za maharusi. Nikampigia simu.

"Bibi katibu," akanijibu, "hii zipu iko inaenda wapi? Si kwa gauni ya harusi?"

Waliobaki wakaingia Sare. Viraka aliingia mtu mmoja tu, mzee wa Gikondo anayeshonea barazani, mlangoni pa nyumba yake. Anatia viraka suruali za mafundi wa gereji za jirani, wala haoni haya. Tayari alikuwa amejitangaza mwenyekiti, ingawa hakuwa na wa kumwongoza. Nilipomweleza kwa upole kwamba kikundi chake nitakifuta, akamwandikisha mkewe.

Mama huyo ndiye aliyekuwa akipinda nguo na kushona vifungo tangu waoane, lakini yeye alishonea ndani, nyuma ya pazia. Alilelewa Bujumbura, na simu aliijua kuliko mumewe. Nakala za vikundi vyote huja kwangu. Barua ya kwanza ya mama ilinifanya niweke kikombe cha chai chini.

"Mwenyekiti, salamu. Naomba kwa ajenda: juu ya nini mashine ya kwa mlango iko ya mtu moja siku zote? Ni mimi, mwanachama."

Jibu lilikuja upesi: "Mwanachama, salamu. Hoja imepokelewa. Itajadiliwa."

Kati yao palikuwa na pazia tu!

Basi wale wawili wakaandikiana kuliko Harusi nzima. Mama akauliza kwa nini wateja wanaambiwa fundi ni mmoja. Mwenyekiti akajibu kwamba suala hilo limepelekwa kwenye kamati. Mama akauliza kamati gani hiyo, maana yeye hajaalikwa, na bila yeye kikundi hakina watu. Mimi nilikuwa nikicheka peke yangu ofisini kama mwehu.

Mzee akanipigia simu. "Mwanangu, hii kundi ufute. Kwa nyumba alikuwa ananyamaza. Sasa iko anaandika!"

"Kwani nyumbani hamwongei, mzee?"

"Tunaongea! Ananiuliza nitakula nini, mi namwambia. Haya mengine hajawahi kusema."

Nikampigia mama kumuuliza. "Nikianza kusema, mteja anaingia," akaniambia, "na mzee anageukia mteja. Mwanangu, mi nataka niingie kwa mkutano mara moja, niitwe fundi. Kila siku ni bibi ya fundi, bibi ya fundi." Hapo kicheko kiliniisha. Nilimhurumia, na nikamkasirikia mzee kwa niaba yake.

Uchaguzi ukafika. Kila mwanachama alitakiwa kuniletea kura yake mimi peke yangu, na kanuni zinasema kura zikilingana katibu ndiye anayeamua. Watu wawili, kiti kimoja, na wote wanakitaka. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi, na nyasi hapo zilikuwa mimi. Nikaanza kuilaani siku niliyobuni vikundi.

Kura ya mama ilikuja mapema, neno moja: "Najipigia." Ya mzee niliingoja hadi nikataka kufunga ofisi.

"Nampigia mama," aliandika. "Mlango nimeupima, mashine mbili zinaenea. Usimwambie, mi nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo."

Nilifuta machozi kwa kitambaa cha mezani, halafu nikajikaripia, maana kitambaa kilikuwa na chai.

Kwenye mkutano mkuu mama aliingia akaitwa fundi, akasema hadi Harusi wakaomba wapewe nafasi nao. Baada ya hapo kikundi cha Viraka kikanyamaza kabisa. Hakuna hoja, hakuna salamu. Nikapanda basi hadi Gikondo kuona kama wamekosana au simu zimeharibika.

Nikawakuta mlangoni wote wawili, kila mmoja na mashine yake, wanabishana kwa sauti kuhusu uzi. Kijana wa gereji alikuwa amesimama na suruali mkononi. Akakohoa, mzee akaanza kumgeukia.

"Ngoja," mama alimwambia yule mteja, "bado niko nasema."

Mteja akangoja. Na mzee naye akangoja.