Nani Alidondoka Mabegani mwa Mjomba

Nakumbuka siku moja pale Chiungutwa, mwanangu, au nadhani naikumbuka. Utaona punde kwa nini nasema hivyo. Nilikuwa mwalimu kijana, nina mtoto mmoja, na nimepata kitabu kuhusu namna akili ya binadamu inavyofanya kazi: tunavyokumbuka, tunavyosahau, tunavyojidanganya bila kujua. Furaha ya kitabu kile ilininyima usingizi. Nikaanzisha kikundi cha kukisoma, Jumapili baada ya ibada, darasani. Nikapanga madawati, nikasimama mbele, nikasoma na kufafanua mpaka watu wakasinzia. Jumapili iliyofuata hawakuja ila wachache. Niliumia sana, maana nilikitaka kikundi kile kuliko kitu chochote.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa nyuma kimya siku zote mbili, alinikuta jikoni nalia. Hakunibembeleza.

"Mama Neema," akasema, "hiyo akili unayoisoma ilikuwa imekaa mbele yako kwenye madawati. Mbona hukuiuliza kitu?"

Basi akawaita watu uani kwake, waje wabangue korosho. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Nilisoma ukurasa mmoja tu, unaosema kwamba kumbukumbu si picha ya ukutani. Kila tukikumbuka tunaijenga upya, na twaweza kukosea huku tuna hakika kabisa. Kisha nikauliza nani hakubali.

Mzee Luka akakataa. Yeye aliikumbuka vizuri siku waliyotoka jandoni, walivyobebwa mabegani na wajomba zao, na rafiki yake Yohana akadondoka mbele ya kijiji kizima. Mzee Yohana, aliyekaa ubavuni pake, akaweka korosho chini: aliyedondoka ni Luka. Wakaapa, kila mmoja kwa jina la mjomba wake. Kumbe miaka yote ile kila mmoja alikuwa akimcheka mwenzake kimoyomoyo! Mama mkwe, ambaye siku ile alikuwa msichana miongoni mwa wapiga vigelegele, akawaacha wabishane mpaka wakachoka.

"Mlidondoka wote wawili," akasema.

Tulicheka mpaka ungo wa korosho ukapinduka. Mzee Luka akafuta machozi, akaniomba niurudie ule ukurasa, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Na wewe, dada, una hakika?"

Mama mkwe akafungua kinywa, akakifunga, akacheka kuliko sisi sote. Jumapili iliyofuata uani hapakutosha.

Sasa nawe unataka kuanzisha kikundi kama kile huko kwenu Mkunya, na kurasa unazo kwenye simu. Nimefurahi mno. Ila usiwageuze watu wanafunzi. Soma kidogo, uliza, unyamaze. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, kwa hiyo usichague wasomi peke yao. Tafuta na wabishi wanaopendana. Na wewe uwe wa kwanza kusema huenda umekosea.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie watu wa kubishana nao bila kugombana, na siku utakayodondoka, uwe na mwenzio wa kudondoka naye, mcheke pamoja.